Kuonja mvinyo wa Dodoma: kosa ni la shamba, la tangi, au la stoo yako?

Oktoba ya mwaka wangu wa kwanza kazini nilimrudishia mgavi wetu maboksi sita ya mvinyo mwekundu, nimevimba kama andazi. Nikamwambia kiwanda kimetuuzia uchafu. Mzee wa watu hakubishana. Alitoa chupa moja, akapitisha kidole gumba juu ya kizibo, akaniuliza taratibu, "Binti yangu, hizi ulikuwa unazilaza wapi?"

Nilikuwa nazilaza stoo. Stoo yenyewe bati tupu, haina dari, na joto la Oktoba Dodoma unalijua. Vizibo vilikuwa vimechomoza kidogo kama meno ya mtoto, na shingoni mwa chupa kulikuwa na michirizi mikavu ya mvinyo uliovuja. Joto lilitanua mvinyo ndani ya chupa, mvinyo ukasukuma kizibo, hewa ikapata njia. Kiwanda hakikuwa na kosa hata chembe. Maboksi nililipa mimi, kwa makato ya miezi mitatu.

Tangu hapo kila ninapoonja mvinyo wa kwetu huanza na swali moja: hiki ninachokisikia mdomoni kimetoka shambani, kimetoka kwenye tangi la kuchachushia kiwandani, au kimekutwa na makubwa barabarani na stoo? Ukiweza kujibu hilo, unajua kuonja. Maneno mengine ya wataalamu, sijui harufu ya tandiko la farasi, yatakuja au yasije. Mimi tandiko la farasi sijawahi kulinusa.

Kazi yangu ni kununua vinywaji vya nyumba ya wageni yenye vyumba 14 hapa mjini. Baba alilima zabibu Mpunguzi, ekari moja na nusu, kwa hiyo zabibu niliijua kwa kupogolea na kupuliza salfa miaka mingi kabla sijaijua kwa kunywa. Kuonja nilifundishwa na mzee mmoja aliyezeekea kwenye matangi. Nayaandika hapa yale ninayowaambia vijana wetu wa baa wanapoajiriwa.

Kwanza ujue umeshika nini

Mvinyo mwekundu wa Dodoma mwingi unatokana na zabibu nyeusi inayoitwa Makutupora, jina la pale kaskazini mwa mji kilipo kituo cha utafiti wa zabibu. Mweupe mwingi ni Chenin Blanc, zabibu ya bonde la mto Loire huko Ufaransa ambayo Afrika Kusini nao wanailima sana. Utakutana pia na Syrah, na Hombolo kuna mashamba yenye zabibu za Kiitaliano: Teroldego na Marzemino za kaskazini, Aglianico ya kusini. Zabibu hapa si kitu cha jana. Wamisionari wa Kikatoliki pale Bihawana walikuwa wakiilima tangu miaka ya 1950, kwa ajili ya divai ya misa.

Jambo la kulijua kuliko hayo yote ni kwamba sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka. Huku hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, hivyo ukipogolea, baada ya miezi kama minne au mitano una vichala tena. Kuna mavuno ya Februari na Machi, mvua bado ipo, na kuna mavuno ya Agosti na Septemba, kiangazi. Sio ndugu mapacha hao. Wakati wa mvua zabibu hunywa maji, magonjwa ya ukungu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, hushambulia, na mkulima akiona vichala vinaanza kuoza huvuna haraka kabla sukari haijapanda. Baba alifanya hivyo mara nyingi tu na simlaumu, ada za shule hazisubiri sukari. Ya kiangazi huiva polepole, mchana jua, usiku ubaridi wa mwinuko huu wa mita 1,100 na ushei. Kwa hiyo ukifika kiwandani uliza: mchuzi huu ni wa mavuno gani? (Huku kwetu "mchuzi wa zabibu", yaani maji yaliyokamuliwa, ndio lugha ya kazi, mgeni asidhani tunazungumzia nyama.) Swali hilo tu huwafanya wakuchukulie kama mtu anayejua anachotafuta.

Maandalizi

Onja asubuhi, saa nne hivi, kabla ya chakula cha mchana. Usijipake manukato, usiwe umetoka kupiga mswaki, na kachumbari ya kitunguu iache mpaka umalize. Siku moja nilionja mvinyo mweupe minane nikiwa nimetoka saluni, na yote ikanukia dawa ya nywele. Nilirudia kesho yake.

Tafuta glasi yenye tumbo pana na mdomo uliobana, ya kioo cheupe kisicho na maua, na uishike kwenye mguu wake ili mkono usipashe mvinyo. Mimina kidogo, kama mililita 50, ili upate nafasi ya kuzungusha. Chupa ya mililita 750 inatosha waonjaji 15. Weka karatasi nyeupe mezani, maji ya kawaida yasiyo ya friji, mkate mkavu usio na siagi, daftari, na ndoo ya kutemea. Ndiyo, unatema. Ukimeza glasi sita, ya saba itakuwa nzuri hata kama ni siki.

Sasa joto, ambalo watu wengi hulipuuza. Vitabu husema mvinyo mwekundu unywewe "kwa joto la chumba," lakini chumba hicho ni cha Ulaya. Chumba cha Dodoma mchana kina nyuzi 28 au 30, na kwa joto hilo pombe hutangulia puani ikafunika kila kitu. Mwekundu uingie friji mpaka ufike nyuzi 16 au 17. Mweupe, kinyume chake, usiutoe friji ukauonja hapo hapo. Baridi kali hufunga harufu na huficha makosa. Uache mezani mpaka uje kwenye nyuzi 10 au 12. Ndiyo maana ukiletewa mweupe uliokaribia kuganda na muuzaji anakuhimiza unywe upesi, weka glasi chini, piga stori.

Anza na mweupe, malizia na mwekundu. Mkavu, au drai kama wanavyosema wateja wangu, utangulie mtamu.

Mweupe

Inamisha glasi juu ya karatasi. Chenin changa ina rangi ya majani makavu yaliyopauka, pengine na ukijani kwa mbali. Ikielekea dhahabu, ama ina umri ama imekaa kwenye pipa. Ikiwa na rangi ya chai ya rangi na lebo inasema ni ya mwaka jana, shuku hewa.

Nusa kabla hujazungusha. Mnuso wa kwanza hutoa makosa mepesi, yale yanayoruka haraka. Kisha zungusha, nusa tena, mdomo ukiwa wazi kidogo. Tafuta vitu unavyovijua wewe: pera lisiloiva sawasawa, tufaha la kijani, ganda la limau, nanasi, asali. Kijana wetu mmoja aliandika "harufu ya nyumba ya bibi yangu Kondoa asubuhi." Tulicheka, kisha tukamdodosa, ikawa ni asali kwenye kibuyu. Alikuwa sahihi.

Mdomoni tafuta ugwadu, yaani uchachu. Zungusha mvinyo ufike chini ya ulimi na kwenye mashavu, tema, kisha inamisha kichwa mdomo ukiwa umeachama kidogo na usimeze. Mate yakikujaa haraka na mengi, ugwadu ni mwingi. Yakichelewa, mvinyo umelala. Zabibu za nchi ya joto hupoteza ugwadu zikiiva, hivyo mweupe wa kwetu unaokufanya mate yatoke huku bado una harufu ya tunda, mkulima alivuna siku yenyewe hasa.

Watu huchanganya utamu na harufu ya tunda. Ukinusa nanasi, ubongo unasema "sukari" hata kama haimo. Dawa yake ni rahisi: ziba pua kwa vidole, onja. Utamu utakaobaki ndio wa sukari kweli. Uliotoweka ulikuwa harufu tu.

Mwekundu

Rangi tena, ila sasa tazama ukingoni mwa glasi iliyoinamishwa. Ukingo wa zambarau ni ujana. Ukingo wa rangi ya tofali la kuchoma ni umri, au stoo kama ile yangu. Usibabaishwe na michirizi inayoteremka kwenye kioo; hiyo inakuonyesha pombe na sukari, haikuambii kama mvinyo ni mzuri.

Harufu: zambarau zenyewe, tunda na si rangi, ukwaju, ubuyu mwekundu, pilipili manga kwenye Syrah. Kama umelala kwenye mapipa ya mwaloni utapata moshi, karafuu, pengine nazi iliyokaangwa.

Halafu ukakasi, ambao ndio moyo wa mvinyo mwekundu. Umewahi kung'ata bibo la korosho? Au ndizi mbichi, au chai iliyosahauliwa jikoni? Kule kukauka kwa fizi na mashavu ndiko ninakokusema. Unatoka kwenye maganda na kokwa, kwa sababu mwekundu huchachuka pamoja na maganda yake, wakati mweupe hukamuliwa maganda yakawekwa pembeni kwanza. Kosa la wageni wengi ni kuuchanganya ukakasi na uchungu au na ugwadu. Ugwadu huleta mate, ukakasi huyakausha, na uchungu ni ladha tu ya ulimini. Rudia sentensi hiyo mpaka uiweze.

Ukakasi wenyewe nao una tabia. Kuna unaokamata fizi kama kitambaa laini, ukaachia. Na kuna unaokwaruza kama msasa na kuacha uchungu wa kijani. Kuujua, nenda shambani mara mbili na utafune kokwa za zabibu. Wiki kadhaa kabla ya kuvuna kokwa ni ya kijani na chungu ajabu. Ikiiva ni ya kahawia, inavunjika kwa mlio, ina ladha kama ya karanga. Mvinyo wenye uchungu wa kokwa ya kijani umeanza vibaya shambani, na hakuna mtaalamu wa tangi atakayeupoza kabisa.

Baada ya kutema hesabu sekunde ambazo ladha inabaki. Nikifika kumi na bado naisikia zambarau, naandika alama. Kinachobaki kikiwa ni moto wa pombe kooni tu, siandiki kitu.

Kwa mvinyo mtamu, ule mzito ambao mtaani wanauita dompo bila kujali umeandikwa nini, nina neno moja tu. Sukari hufunika dhambi nyingi, na baridi huifunika sukari. Kwa hiyo uache ufikie nyuzi 18 ndipo uuhukumu. Ukibaki na ugwadu wa kuishika sukari, kama ndimu kwenye asali, ni mzuri na usikubali mtu akuaibishe kwa kuupenda. Ukiwa kama sharubati iliyosahauliwa juani, achana nao.

Kosa ni la nani?

Mvinyo mwepesi kama maji, ugwadu unaochoma, harufu ya majani mabichi au pilipili hoho: shamba, zabibu ilivunwa mapema. Harufu ya ukungu na udongo wenye uvundo: shamba pia, vichala vilivyooza viliingia kwenye kreti.

Yai bovu ni la tangi. Hamira ikikosa chakula wakati wa kuchachusha hutoa gesi hiyo, na salfa iliyopulizwa karibu na mavuno huzidisha. Kuhakikisha, tumbukiza kipande safi cha waya wa shaba kwenye glasi, zungusha dakika moja, nusa. Harufu ikipungua au ikitoweka, ndiyo yenyewe. Glasi hiyo mwaga, usiinywe. Siki, au ile harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, ni bakteria waliopata hewa, mara nyingi kwenye tangi lililoachwa nusu. Mvinyo mkavu usio wa mapovu unaochomachoma ulimi kama soda huenda umechachuka tena ndani ya chupa.

Boksi lililoloa maji, gazeti lililooza: hicho ni kizibo cha gome la mti chenye ugonjwa. Si mkulima, si mtu wa tangi, si wewe. Hutokea hata kwenye chupa za bei ya kutisha.

Jamu iliyoungua, zabibu kavu, tufaha lililokatwa likaachwa likawa kahawia, kizibo kilichochomoza: barabara, duka, stoo. Chupa iliyosimama dirishani miezi mitatu ikipigwa na jua haijui imetoka kwa nani.

Na kuna visivyo makosa. Chembe ndogo zinazong'aa chini ya chupa au kwenye kizibo, kama sukari, ni chumvi za asidi ya zabibu zilizoganda kwa ubaridi wa friji. Mteja wetu mmoja alidai tumemwekea vioo. Nilizitafuna mbele yake.

Ukiwa bado na shaka, nunua chupa ya pili, ya mvinyo ule ule na mwaka ule ule, kutoka duka jingine mbali na la kwanza. Zikiwa na kosa moja zote mbili, nenda kiwandani ukaongee nao kwa adabu. Ikiwa ni moja tu, umelijua duka la kuliepuka. Hili limeniokolea fedha kuliko ujuzi wote wa pua.

Ficha lebo

Valisha chupa soksi. Mwombe mtu mwingine azipange na aandike namba. Jaribio ninalolipenda ni la glasi tatu: mbili mvinyo ule ule, moja tofauti, utafute ya tofauti. Ukishindwa mara tatu mfululizo, pumzika, au kubali kwamba hiyo mivinyo miwili kwako ni mmoja na ununue wa bei nafuu.

Mwaka juzi niliwafanyia vijana ujanja zaidi. Niliwapa glasi tatu za mwekundu. Wakabishana nusu saa. Wa kwanza wakasema mkali, una pombe kupita kiasi, bila shaka wa bei rahisi. Wa pili ukasifiwa, mmoja akaapa si wa Tanzania. Wa tatu wakasema mgumu, umekaza fizi, hauna harufu. Nikawavua soksi. Ilikuwa soksi moja, chupa moja. Glasi ya kwanza ilikaa kaunta, ya pili nusu saa kwenye friji, ya tatu usiku kucha. Tangu siku hiyo sijawahi kumkuta mtu akipeleka mwekundu wa kaunta mezani.

Alama natoa juu ya 20: macho 2, pua 6, mdomo 8, kinachobaki 4. Chini ya 12 sinunui. Naandika alama kabla ya kuuliza bei, na nikishaandika sifuti. Pembeni naandika herufi S, T au B, shamba, tangi, barabara. Onja pia na chakula utakachouza. Mwekundu wenye ukakasi hulainika ukiufuata mnofu wa mbuzi wa kuchoma wenye mafuta na chumvi, na huwa mkorofi ukikutana na pilipili ya mwendokasi. Mweupe mkavu na perege wa Mtera aliyekaangwa, kamulia ndimu, hapo huna swali. Na mlenda sijaupatia mvinyo mpaka leo, nauheshimu hivyo hivyo.

Chupa zilizobaki usizimwage. Zizibe, weka friji, onja tena kesho na keshokutwa. Mvinyo uliojengwa vizuri huvumilia hewa siku mbili, pengine hata hujifungua. Dhaifu huporomoka usiku wa kwanza, huo unaenda kwenye sufuria ya mbuzi. Jumanne iliyopita nilionja Makutupora ya kiangazi kutoka kiwanda kidogo ambacho sikuwahi kununua kwao. Niliandika 13, ukakasi ulikuwa umejikunja, harufu haba. Jumatano ikawa 15, zambarau imetoka, ukakasi umelegea. Alhamisi bado 15. Nimeagiza maboksi manne, na yatalala chumba namba 3, kile cha chini kisichopata jua la mchana. Bosi ananung'unika kwamba Oktoba na Novemba chumba hicho hatukipangishi.